Bundi Hutafutwa Mchana

Watu wakiniona na kamera huniuliza natoka saa ngapi usiku kwenda kutafuta bundi. Sitoki usiku. Usiku bundi yuko kazini: anaruka bila sauti, anahama mti hadi mti, na wewe chini huoni kitu ila pale mwanga wa tochi yako unapoishia. Mchana amelala, tena mara nyingi kwenye tawi lile lile alilolalia jana. Kwa hiyo mchana unamtafuta, jioni unampiga, yaani picha, si mawe. Njia yangu yote ndiyo hiyo, na yanayofuata ni namna ya kuifanya bila kuumwa na nyoka wala kuitwa mchawi.

Mimi ni dereva wa lori la miwa, upande wa Masindi, Uganda. Kazi ya miwa ina kungoja kwingi. Unangoja wakataji, unangoja kupakia, unangoja foleni ya mizani. Wenzangu hulala chini ya lori au hucheza karata. Mimi nilizoea kuangalia miti, kisha nikanunua kamera ya mkono wa pili, Nikon D5300 na lenzi ya milimita 70 hadi 300. Ninayoandika hapa yanatoka kwa mtu mwenye vifaa hivyo na siyo zaidi. Ukiwa na lenzi ya milimita 600, hongera, utakaa mbali kuliko mimi na bundi atakushukuru.

Kiangazi ndio wakati wake

Wenzetu wa nchi za baridi humtafuta bundi wakati wa theluji, miti ikiwa mitupu. Sisi tuna kiangazi. Kuanzia Desemba mpaka mwanzo wa Machi mvua hukatika upande huu, nyasi ndefu hukauka na kuchomwa, na miti mingi ya nyikani hupukutisha majani. Tawi ambalo Oktoba hulioni hata ukisimama chini yake, Januari linaonekana toka barabarani. Panya nao hukosa pa kujificha, hivyo bundi hukaa karibu na chakula: kingo za mashamba ya miwa, maghala ya mahindi, nyika iliyoungua wiki iliyopita. Shamba la miwa likichomwa kabla ya kukatwa, mchana utaona mwewe na makalooli, wale korongo wakubwa wenye upara, wakiokota vilivyokimbia moto. Jioni zamu hubadilika.

Ubaya wa msimu huu ni vumbi na moshi. Lakini moshi huo huo hulainisha jua la saa kumi na moja jioni, na uso wa bundi haupati vivuli vikali. Mimi siulalamikii.

Kabla ya mti, mtu

Bundi ana jina baya karibu kila kijiji ninachopita. Akitua juu ya bati la nyumba, kesho yake watu wanahesabu wagonjwa. Sasa wewe mgeni unatokea na kamera ndefu, saa moja jioni, unachungulia miembe nyuma ya nyumba za watu. Utawaeleza nini? Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mchana kweupe. Mwambie wewe ni nani, umetoka wapi, utakuwa kwenye mti gani na mpaka saa ngapi. Mwachie namba ya simu. Mwonyeshe picha zako, na ziwemo za ndege wengine, asije akadhani unamtaka bundi kwa ajili ya dawa. Wapo wanaomtaka kwa dawa, na mwenyekiti anawajua.

Kuna mzee karibu na Kigumba mwenye ghala la mahindi. Nilimkuta ameshawaambia vijana wapande darini wakamtoe bundi na kumchoma. Nikamwomba dakika tano. Chini ya dari palikuwa pamejaa vidonge vyeusi alivyotapika bundi. Nikachukua kimoja kilicho kibichi bado, nikakiweka juu ya gunia, nikakipasua kwa kijiti. Kwanza manyoya ya kijivu yaliyobanana, halafu fuvu la panya zima, halafu taya mbili zenye meno ya mbele ya njano, halafu fuvu la pili.

“Mzee, huyu analinda mahindi yako bila mshahara.”

Akaligeuza taya kwa ukucha wa kidole gumba. “Lakini usiku analia vibaya.”

“Analia, mzee. Hata mbwa wako analia.”

Akacheka. “Haya, akae. Lakini akitua juu ya nyumba yangu, mimi na wewe.”

Ukiwa umeshakaribishwa, usiulize moja kwa moja bundi yuko wapi. Watu wazima watakwambia hapa hakuna, hata kama yuko juu ya vichwa vyenu. Uliza watoto wanaochunga mbuzi: ni mti gani ndege wadogo huupigia kelele mchana? Hilo wanalijua, na hawaogopi kulisema. Bweyale, ambako kuna Waacholi wengi, nikisema “tula”, yaani bundi kwa lugha yao, wanaanza kunyosheana vidole wenyewe.

Macho chini, masikio juu

Anayetafuta bundi kwa kuangalia juu tu huchoka shingo saa ya kwanza. Anza na ardhi. Unatafuta vitu viwili chini ya mti: kinyesi cheupe kilichochuruzika kwenye shina na kurundikana sehemu moja, na vile vidonge vya manyoya na mifupa. Bundi humeza panya mzima au vipande vikubwa, kisha visivyosagika huvitapika. Mwewe pia hutapika vidonge, lakini tumboni mwake mifupa mingi huyeyuka. Cha bundi ukikipasua unakuta mifupa mizima. Kama kidonge ni cheusi, kina unyevu na kinang'aa, bundi alikuwa hapo jana au leo. Kama ni cha kijivu na kinavunjika ukikigusa, huenda amehama. Usikishike kwa mkono mtupu halafu ukala chapati.

Ukipata kinyesi na kidonge kibichi, simama. Usizunguke mti. Inua macho polepole kufuata shina, kwa sababu wengi hulala karibu na shina, si nchani mwa tawi. Usitafute umbo la ndege. Tafuta kitu kinachoonekana kama kisiki ambacho mti huo hauna sababu ya kuwa nacho.

Masikio nayo yana kazi. Saa nne asubuhi mpaka saa tano, na tena saa kumi jioni, sikiliza kelele za shore, chozi na kwera wakiwa pamoja wote wamekasirika. Wakimpigia nyoka, kelele hushuka chini na kusogeasogea. Wakimpigia bundi, hukaa sehemu moja, urefu mmoja, na huendelea mpaka wachoke. Tembea kwa upole kuelekea huko, na simama mbali kidogo. Ndege wadogo wenyewe watakuonyesha kwa midomo yao.

Viota vikubwa pia visikupite. Fundichuma hujenga kiota kama chumba, cha vijiti na matope, kwenye panda ya mti karibu na maji, na bundi huyapenda makazi ya bure. Nikipita na lori daraja lenye kijito na kiota cha fundichuma, huwa naandika kwenye daftari la safari, pembeni ya lita za dizeli. Bosi wangu ameshauliza zile alama ni za nini.

Utakaokutana nao

Bundi mkubwa kuliko wote Afrika yupo huku kwetu. Ni wa kijivu, urefu hufika sentimita 65 hivi, macho meusi, na kope za rangi ya waridi ambazo mtu asipoziona mwenyewe haamini. Hupenda miti mikubwa ya nyikani: mkwaju, mwegea, migunga. Hajengi kiota, hunyang'anya cha ndege wengine wakubwa. Njia rahisi ya kumpata ni mtoto wake, ambaye hata akishajua kuruka huendelea kwa miezi kuwalilia wazazi chakula, kwa mluzi mkali usioisha. Ukisikia mluzi huo jioni, mama hayuko mbali. Kwa kuanzia, anza na huyu. Ni mkubwa, hatishiki haraka, na akifumba jicho ile kope ndiyo picha yenyewe.

Yule wa msituni na kwenye bustani ni wa kahawia, kichwa cha mviringo bila pembe za manyoya, macho meusi na nyusi nyeupe. Huwa wawili, dume na jike, na usiku hujibizana. Budongo wapo, na hata kwenye miembe minene ya mjini wanalala. Huyu ni mgumu kidogo kwa picha kwa sababu hupenda giza la majani, lakini harukiruki. Ukimpata leo, rudi keshokutwa kwenye tawi hilo hilo.

Halafu kuna mdogo wa madoa, urefu wa sentimita 20 hivi, macho ya njano, ambaye huwinda hata mchana. Kisogoni ana mabaka mawili meusi yanayoonekana kama macho, basi ukimzunguka kwa nyuma bado unadhani anakutazama. Ndege wadogo humchukia kuliko bundi wote. Kwa mwanga ndiye rahisi. Shida ni udogo wake, lazima uwe karibu, hatua kumi au kumi na mbili.

Mdogo kuliko huyo ni yule mwenye pembe za manyoya na rangi ya gome la mti. Usiku utamsikia akitoa sauti fupi kama ya chura, kimya cha sekunde chache, tena. Mchana kumwona ni bahati. Mimi sipotezi muda kumtafuta, akijitokeza nashukuru.

Wa uso mweupe wenye umbo la moyo, yule wa makanisa, maghala na dari za shule, namweka mwisho kwa makusudi. Yuko karibu na watu, kwa hiyo kumjua alipo ni rahisi, ila hutoka giza likishaingia, na darini hupaswi kumfuata. Mpige akiwa nje, ametua kwenye nguzo, kama amepata mazoea ya nguzo hiyo. Vinginevyo mwache.

Kamera kwenye giza linaloingia

Januari hapa Masindi jua huzama karibu saa moja kamili jioni, na karibu na ikweta giza halibembelezi: dakika 20 baadaye rangi zimekwisha. Kazi yako iko kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa moja na dakika kumi. Bundi huanza kwa kufungua jicho moja, kisha hujinyoosha, bawa moja na mguu wa upande huo huo vikishuka pamoja, kisha hutikisa manyoya yote akaonekana mnene mara mbili. Baadaye huenda akatapika kidonge, na ndipo huruka. Mpangilio huo ukiujua, hutabonyeza hovyo ukajaza kadi na picha za ndege aliyelala. Mnyoosho wa bawa ndio wa kungojea.

Fika saa kumi na moja, ukae. Kwa lenzi ya milimita 300, bundi mkubwa nampiga kutoka mita 20. Huyo wa msituni mita 15 zatosha. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri kama unayo. Mimi natumia mguu wa jinzi kuukuu, nimeushona ncha moja, nikatia kilo mbili za mchele, nikashona ya pili. Unauweka juu ya dirisha la lori, juu ya kichuguu, juu ya goti, na lenzi inalala ndani yake bila kutikisika. Maharagwe yanafaa pia ila huingia wadudu. Mchele, ukikwama porini, unapikika.

Mipangilio yangu ni hii. Tundu la lenzi lifunguke mpaka mwisho, kwangu f/5.6. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, anza na 800, panda 1600, jua likizama 3200. Kasi ya shata usiogope kushusha: bundi aliyetulia hajitikisi, na kwa 1/60 ya sekunde juu ya mfuko wa mchele picha hutoka safi, nimepata nzuri hata kwa 1/30 kwa kutumia saa ya kamera ya kuchelewesha sekunde mbili, ili kidole changu kisiitikise kamera. Piga tatu tatu, moja itakuwa kali. Akianza kunyoosha bawa, rudisha 1/250 hata kama picha itakuwa na chengachenga. Chenga husameheka, ukungu hausameheki.

Kosa linalowashinda wengi ni anga. Bundi yuko juu, nyuma yake kuna weupe wa anga, kamera inadanganyika, na unapata kivuli cheusi chenye masikio. Ongeza mwanga kwenye mpangilio wa kamera kwa hatua moja au moja na nusu, au bora zaidi, sogea pembeni mpaka nyuma yake pawe na majani au shina. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kama kuna vijiti mbele na kamera inahangaika navyo, zungusha kwa mkono.

Tochi natumia ya kuonea njia tu. Flashi situmii kabisa. Macho ya bundi yameumbwa kukusanya mwanga mdogo, na huyu ndege anataka kuruka katikati ya matawi dakika hiyo hiyo. Sioni sababu ya kumpofusha kwa ajili yangu. Vumbi nalo ni adui: badilisha lenzi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kamera imeelekezwa chini. Kwenye boda kamera ikae mgongoni ndani ya begi lenye nguo, isiwekwe kwenye keria.

Akikukataa

Bundi aliyeridhika ni mnene, macho nusu. Bundi aliyekuona vibaya hujikondesha: anasimama wima, anabana manyoya, anasimamisha pembe, macho yanabaki nyufa mbili. Picha hiyo watu huisifu mtandaoni, “jinsi alivyo makini”. Si umakini, ni hofu. Ukiona hivyo, rudi nyuma hatua tano na ukae chini. Asipolegea baada ya robo saa, nenda nyumbani. Ukimrusha mchana, kunguru na mwewe watamfuata, na kesho tawi litakuwa tupu.

Sauti za simu za kumwita sipendi. Anadhani mwenzake ameingia eneo lake, anaacha kuwinda kuja kupigana na Tecno yako. Kumrushia panya wa kufungwa pia sitaki hata kusikia, na panya aliyekula sumu ni hatari zaidi, maana sumu ile humuua na bundi anayemla. Kiota chenye mayai au makinda, pita kama hukukiona.

Mbugani, msituni na miguuni

Ndani ya hifadhi ya Murchison Falls wapo bundi wengi, lakini saa yako nzuri ndiyo saa ya kufunga mageti. Huwezi kuzurura usiku peke yako. Panga mapema na UWA, mamlaka ya wanyamapori, upewe askari wa mbuga kwa mzunguko wa usiku, au lala ndani ya hifadhi. Na umsikilize. Afande akisema “twende”, usimwambie “moja tu ya mwisho”. Yeye ameona nyati, wewe umeona bundi. Budongo ni msitu wa hifadhi chini ya NFA, mamlaka ya misitu, na njia ya Royal Mile pale karibu na chuo cha misitu cha Nyabyeya hutembewa na mwongozaji. Huko nenda alfajiri, si jioni: msituni giza huingia mapema, na nyani na mbega wakishaamka utasikia kelele nyingine zote ila bundi.

Kwenye mashamba hatari kubwa ni kifutu. Hakimbii akisikia hatua, hulala tu njiani jioni wakati ardhi bado ina joto. Vaa gambuti, mulika mbele ya mguu, usikae juu ya gogo kabla hujaligonga kwa fimbo. Uliza pia kama kuna shamba litakalochomwa jioni hiyo. Moto wa miwa una kasi, na hauna habari na mpiga picha aliyejificha ukingoni.

Picha zikishatoka, kuna jambo moja la simu. Simu nyingi, na baadhi ya kamera, huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili yenyewe. Zima lokesheni kabla hujapiga, na ukituma WhatsApp tuma kama picha ya kawaida, si kama dokumenti, maana dokumenti hubeba taarifa zote. Wanaomtafuta bundi kwa dawa nao wana simu. Mtu akiniuliza huyu nilimpata wapi, namjibu Masindi. Akitaka zaidi, namuuliza anamjua mwenyekiti gani.